Udongo Uliohamia Kibaha

Bi Swaumu alitaka kujua jambo moja tu kabla hajafa: mtoto wake wa kwanza bado yupo pale alipozikwa, au amezolewa pamoja na udongo na kupelekwa asikokujua. Alikuja kuniuliza mimi kwa sababu nina mashine ya kusikiliza vyuma vilivyomo ardhini. Kwa bahati mbaya, siku aliyokuja, jibu lilikuwa ndani ya droo ya kabati langu, na nilikuwa nimelificha kwa sababu ya kibao.

Ngoja nianze na kibao.

Naitwa Lusajo. Miaka thelathini na moja nimeburuta minyororo ya upimaji ardhi katika mkoa huu wa Pwani, na nilipostaafu nikajenga Mbwawa, hapa Kibaha. Sikuwa na hamu ya kufuga kuku kama wastaafu wenzangu. Nilinunua mashine kwa mchimbaji mmoja aliyechoka kutafuta dhahabu huko Geita, nikaanza kutafuta sarafu za kale. Watu wa Maili Moja wananiita Mzee Rupia. Wanaamini natafuta mali ya Mjerumani, na haipiti wiki bila mtu kuninong'oneza kwamba anajua mahali Mjerumani alipofukia sanduku. Huwa nawajibu kwamba Mjerumani alikuwa anakimbia vita, hakuwa na muda wa kuchimba mashimo yote wanayomsingizia.

Mimi natafuta senti iliyomponyoka mtu mfukoni, basi. Napenda kujua ni wapi watu walikaa, walipumzika, walipigania chenji. Na kwa kazi hiyo nimejifunza kuheshimu ardhi iliyotulia. Sarafu iliyolala mahali pamoja miaka sitini hulala bapa, udongo umeishika pande zote, na mashine huilia kwa sauti moja safi, ukiipitia kutoka mashariki au kutoka magharibi. Ardhi ikishavurugwa kwa jembe, mtaro au greda, mambo yanaharibika. Sarafu inasimama kwa ubavu na mashine inagugumia. Udongo unakuwa na mapengo. Misumari inapanda, takataka za jana zinashuka, na huwezi tena kusema kwamba kilicho chini ndicho cha zamani. Nimewaambia hivyo watu wengi, tena kwa ukali, na ndiyo maana kosa langu linaniuma mpaka leo.

Nyuma ya maduka ya Maili Moja kuna bustani ya watoto ya mtaa wetu: bembea nne, mabenchi, kiwanja kidogo cha mpira. Mtendaji wa mtaa, mama mmoja mwenye haraka aitwaye Elinipa, alinipa barua ya ruhusa kwa masharti mawili: nifukie kila shimo, na kila nitakachopata nikiorodheshe kwa ajili ya ofisi. Sarafu zenyewe akaniachia nizitunze nyumbani mpaka kabati la ofisi litakapopata kitasa.

Ndani ya mwezi mmoja nilipata sarafu nne za senti kumi, zile za shaba zenye tundu katikati, za enzi za Mwingereza. Zote zilikuwa kona ya bembea, ndani ya hatua nne. Moja ya 1942, moja ya 1950, moja ya 1952, moja ya 1956. Katika mkutano wa mtaa nilisimama, nikavua kofia, nikatangaza kwamba pale palikuwa na gulio la kale, mahali ambapo wasafiri wa njia ya Morogoro walinunua na kuuza. Watu walipiga makofi. Elinipa aliagiza kibao siku hiyohiyo, na wiki haikuisha kikawa kimesimama, maandishi meupe juu ya kijani: HAPA PALIKUWA NA GULIO LA KALE. Chini, kwa herufi ndogo: Limegunduliwa na Mzee Lusajo.

Nilikipitia kila siku. Nilikuwa nazunguka makusudi nikienda kununua mkate, ili tu nikipite. Mke wangu Atupele aliniambia nitakisoma mpaka rangi itoke.

Gulio gani ambalo watu wote wanadondosha senti kumi tu, bila senti moja, bila senti tano, bila shilingi? Swali hilo angeuliza hata mwanafunzi. Mimi sikuliuliza.

Kisha masika yakaja. Baada ya mvua ya siku tatu, ile kona ya bembea ilititia kiasi cha kiganja. Ardhi ya kale haititii hivyo. Nilipitisha mashine, ikagugumia kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Nikachimba. Sarafu ya tano, ya 1949, ilikuwa imesimama wima. Vidole vinne chini yake kulikuwa na kizibo cha plastiki cha chupa ya maji, cha buluu, bado kinang'aa.

Nilikaa kwenye tope. Kizibo cha juzi kiko chini, senti ya Mwingereza iko juu. Sikuhitaji mtu wa kunieleza maana yake: udongo ule wote ulikuwa wa kumwagwa. Bustani ilikuwa bonde ambalo sote tulidhani limesawazishwa kwa udongo wa palepale, kumbe lilijazwa kifusi, na senti zangu zilikuja ndani ya lori.

Nilirudi nyumbani na bonge la udongo limeganda kwenye koleo. Atupele alikuwa uani anachambua mboga. Aliliangalia lile bonge, jekundu, lenye chembe nyeupe kama unga.

"Baba Evaline, udongo huu umeutoa wapi?"

"Bustanini."

"Bustani ipi? Kibaha hii hatuna udongo wa hivi. Huu mweupe ni wa vilima vya Kisarawe. Nilipokuwa na mimba ya Evaline niliutafuna mpaka ukanigombeza."

Nikamwambia ashughulike na mboga zake. Nikaingia ndani, nikaweka sarafu tano na kile kizibo kwenye droo, nikaifunga. Wiki tatu nzima nilinunua mkate kwa njia nyingine.

Bi Swaumu alikuja Jumatatu asubuhi, ameshikwa mkono na mjukuu wake aliyeolewa hapa Kibaha. Alikuwa mtu mzima wa miaka karibu themanini, mwembamba, amejitanda khanga mbili, na jicho moja lilikuwa na ukungu.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mwenye chombo kinachosikia vyuma?"

"Ndiye mimi. Lakini kama ni sanduku la Mjerumani, mama, utanisamehe."

"Sanduku la Mjerumani nilifanyie nini mimi, na magoti haya?"

Atupele akacheka, akamletea kiti na chai. Bi Swaumu hakuigusa chai. Alieleza taratibu, macho yake yakiangalia mlangoni.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mtoto alitoka kimya. Wa kiume. Wanawake walimwosha, wakamzika wao wenyewe nyuma ya nyumba yetu Kisarawe, kwenye migomba. Wanaume hawakuitwa. Ndivyo tulivyofanya sisi kwa mtoto ambaye hakulia, na hapakuwekwa alama. Lakini mimi nilikuwa nimemtungia kigwe cha kiunoni, peni sita za tundu, nilizikusanya tangu mimba changa. Mama yangu akakichukua, akaenda kukifukia kichwani pake. Akaniambia, migomba itakufa na nyumba itaanguka, lakini shaba haiozi. Siku ukipotelewa na mahali, itakuonyesha."

Akavuta khanga begani.

"Na kweli migomba imekufa. Nyumba ikaanguka. Mimi nikawa napajua kwa hatua, saba kutoka pembe ya jiko. Sasa mwaka juzi nimekuja huku kutibiwa macho, nimekaa miezi mitano. Kurudi nakuta Mwinjuma, mtoto wa marehemu kaka yangu, ameuza kifusi. Jiko halipo. Nyuma pamekuwa shimo. Anaapa kwamba migombani hawakufika. Nami sina pa kuanzia kuhesabu."

Alikuwa amesema peni sita za tundu. Wazee wa huku ile senti kumi waliiita peni. Nilimwangalia Atupele, naye alikuwa ananiangalia mimi, kisha akaangalia kabati. Nilijiambia kwamba senti za tundu zilikuwa za nchi nzima, kila mtu alikuwa nazo, na mimi ninazo tano wala si sita. Nilimwahidi Bi Swaumu kwamba nitakwenda. Najua kwa nini niliahidi haraka vile. Nilitaka mashine ilie Kisarawe, ili droo yangu ibaki imefungwa.

Kiwanja chao kilikuwa upande wa bondeni, mbali kidogo na ofisi za wilaya. Nilipofika Jumatano, Mwinjuma alinipokea barabarani akanibebea mashine. Mwanamume wa miaka arobaini na ushee, mchangamfu, lakini alikuwa anaongea sana, na mtu anayeongea sana mbele ya shimo ana lake jambo.

"Mzee, hapa ni kumtoa Shangazi wasiwasi tu. Sisi tulichukua upande ule wa juu. Huku migombani tuliparuka, haki ya Mungu."

Shimo lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Ukingo wake ulikuwa umekatwa wima, na tabaka zote zilionekana: juu udongo mweusi wa kimo cha shibiri, chini mwekundu, na katikati ya wekundu mshipa mweupe kama unga. Niliutambua kabla sijausogelea. Bi Swaumu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, akageuza uso upande wa mashine.

Nilivaa hedifoni, nikaanza kupita ukingoni, hatua kwa hatua. Misumari. Kipande cha bati. Kimya kirefu. Nilikwenda na kurudi mara tatu, na nakiri kwamba nilikuwa naomba kimoyomoyo. Mara ya nne, karibu kabisa na mkato, mashine ililia. Sauti ilikuwa nzito, ya kitu chenye mwili. Nilivuta waya wa hedifoni nisikilize vizuri, ukachomoka, na sauti ikatoka nje, wote wakaisikia.

Bi Swaumu alisimama. Sikujua kwamba anaweza kusimama haraka vile.

"Ni yeye?"

Mwinjuma alinitazama. Uso wake ulikuwa unaniomba waziwazi. "Ndiyo hapo, mzee. Si ndiyo hapo?"

Nilipiga magoti, nikafukua kwa koleo dogo. Ilikuwa shingo ya jembe, imekaa kwenye udongo mweusi wa juu. Niliifunika kwa kiganja wasiione. Kisha nikaangalia ule mkato wa udongo chini yake, na hapo ndipo nilipotamani ningekuwa mtu asiyejua kazi yake. Mahali palipochimbwa kaburi, hata la mtoto, hata miaka sitini iliyopita, tabaka huwa zimechanganyika. Mweusi umeshuka, mweupe umepanda, na haurudi kupangika tena. Hapa mweusi ulikuwa mweusi, mwekundu ulikuwa mwekundu, na mshipa mweupe ulipita umenyooka. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kuchimba pale.

Ningeweza kufukia. Ningesema, ndiyo mama, yupo, tusimsumbue. Bi Swaumu angelala kwa raha. Mwinjuma angesamehewa. Kibao changu kingesimama mpaka nife, na Atupele peke yake angejua, naye ni mke wangu. Uongo ule ulikuwa unatufaa sote, na kwa muda wa pumzi mbili tatu mdomo wangu ulikuwa tayari umeshaufungukia.

"Mwanangu," alisema Bi Swaumu, maana nilikuwa nimekawia. "Nisemee kilichopo. Mama yangu alizifukia zile peni ili mimi nisije nikadanganyika."

Nikaondoa kiganja.

"Si yeye, mama. Ni jembe. Na hapa hapajawahi kuzikwa mtu."

Mwinjuma alianza kusema kitu, nikamkata. "Malori yalipeleka wapi udongo?"

Alikuna kichwa. "Si hukohuko kwenu Kibaha, mzee. Kulikuwa na bonde wanajaza, wakasema panajengwa bustani ya watoto."

Nilikuwa najua, na bado lilinigonga. Nilimwendea Bi Swaumu, nikachuchumaa mbele yake kama mtoto wa shule aliyevunja kioo.

"Mama, ninazo tano."

Hakunielewa mara moja. Nikarudia. Nikamweleza yote: bembea, kizibo cha buluu, udongo mweupe, droo. Nikamwambia kwamba kwa wiki tatu nilijua zimetoka huku, na kwamba tangu Jumatatu, aliponitajia kigwe, nilishuku zimetoka kwake, nami nikanyamaza.

"Kwa nini ukanyamaza?"

"Kwa sababu ya kibao."

"Kibao cha nini?"

Nikamwambia pia hilo, mpaka jina langu la herufi ndogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo, puani. Afadhali angenitukana. Kisha akamgeukia mtoto wa kaka yake, akasema bila kupandisha sauti, "Mwinjuma, kakae mbali kidogo na mimi." Yule bwana akaenda akasimama upande wa pili wa shimo, akainama. Machozi ya Bi Swaumu yalitoka wakati huo, nami nililia naye, mzee mzima wa miaka sitini na sita, kwa aibu na kwa huruma, sijui ipi ilitangulia.

Alhamisi alasiri tulimleta bustanini, Atupele akiwa amemshika mkono. Nilikuwa nimezifunga sarafu kwenye kitambaa cheupe. Aliketi kwenye benchi la karibu na bembea, akazipokea mapajani, akazipapasa moja moja, kidole gumba kikizunguka kila tundu. Hakusema kama ni zenyewe. Alizipanga tu mstari, kwa mpangilio fulani alioujua yeye, akaacha pengo mahali pa ile ya tatu.

"Hii haipo."

"Bado imo humu, mama. Ndani ya hatua nne hivi za hii kona. Nimekuja na mashine, naweza kuitafuta sasa hivi." Nilisema kwa shauku, maana nilitaka angalau kulipa kitu.

Aligeuka kuwatazama watoto. Ilikuwa saa kumi na moja, shule zimeshatoka, na bustani ilikuwa inachemka. Bembea zote nne zilikuwa zinalia. Watoto wawili walikuwa wanagombania zamu, mmoja analia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na wengine walikuwa wanakimbizana peku kwenye ule udongo mwekundu mpaka miguu imekuwa ya rangi yake. Mpira ulibingirika ukagusa mguu wa Bi Swaumu. Kibinti kikaja, kikasema, "Shikamoo bibi," kikauchukua kikakimbia.

"Wanakuja kila siku hawa?" aliuliza.

"Kila siku," Atupele akamjibu. "Jumapili ndiyo usiseme."

Bi Swaumu aliendelea kuzipapasa sarafu. Nilidhani anawaza namna ya kumhamisha mwanawe. Nilikuwa tayari nimepanga kichwani kuzungumza na Elinipa, na shehe, na mtu wa kuchimba.

"Miaka sitini na moja," alisema hatimaye. "Kila mvua ikinyesha nilikuwa namwonea huruma, yuko peke yake kule nyuma ya jiko." Akamwangalia yule mtoto aliyekuwa analia, ambaye sasa alikuwa amepata zamu yake. "Zima chombo chako, mwanangu. Iache hiyo moja. Na hizi mrudishie."

Nilichimba shimo la kina cha mkono. Aliziweka mwenyewe, Atupele amemshika kiuno asianguke, akasoma alichosoma kwa sauti ndogo. Nikafukia, nikashindilia kwa mguu, nikarudisha majani juu kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa shimo lolote. Kisha nikaenda kwenye kibao, nikakitikisa mpaka kikang'oka. Elinipa alinijia juu kesho yake, akisema rangi ile ni ya ofisi na kwamba nimemwaibisha. Nilimwambia nimejiaibisha mwenyewe, nikaandika kwenye orodha yake sarafu tano zimerudishwa kwa mwenyewe, nikatia sahihi. Katika mkutano uliofuata nilivua kofia tena, nikawaambia hapakuwa na gulio. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Bi Swaumu huja kwa mjukuu wake kila mwisho wa mwezi, na kabla hajarudi Kisarawe hupita kuketi kwenye lile benchi na pakiti ya biskuti, huwagawia watoto wote wa kona ile. Mwinjuma ndiye humleta. Bado hawaongei sana.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa dukani alinikuta napita pale bila mashine. "Mzee Rupia," akaniita, "mbona siku hizi huchimbi hapa? Si ulisema pamejaa senti?"

"Pana mwenyewe," nikamwambia, nikaenda kununua mkate.